Karatasi ya Mahudhurio

Nilifundisha uraia hapa Songea mpaka nikastaafu. Kila mwaka niliandika ubaoni maneno yale yale: Bunge linatunga sheria, Serikali inatekeleza, Mahakama inatafsiri. Wanafunzi walinakili, wakafaulu, nami nikajiona nimemaliza kazi.

Kisha mtendaji wa mtaa akaja na watu wawili wenye mapanga kufyeka mahindi yangu. Yalikuwa yameanza kutoa mbelewele, yamezunguka nyumba pande zote, na ndiyo ugali wangu wa mwaka mzima.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. Nilimfundisha mimi mwenyewe.

"Marahaba. Hayo mapanga ya nini?"

"Sheria ndogo, mwalimu. Mazao marefu ni marufuku mjini."

Nilimcheka. Nikamwambia mtendaji hatungi sheria, anatekeleza tu. Aondoke, arudi na karatasi. Alifungua faili. Rasimu ilisomwa kwenye mkutano wa mtaa, wananchi hawakuipinga, madiwani wakaipitisha, waziri akaidhinisha. Kwenye orodha ya mahudhurio jina la tatu lilikuwa langu, na sahihi ni ile ile niliyokuwa nikiiweka kwenye ripoti za shule.

Nikaukumbuka mkutano ule wa mwaka uliopita. Kwetu karatasi ya mahudhurio hupitishwa mwanzoni. Mtu anasaini, kisha anachomoka. Mimi nilisaini nikakimbilia kupalilia mahindi.

Walifyeka. Nilipandwa na hasira, na zaidi ya hasira niliona aibu, maana miaka yote ile niliwaambia watoto kwamba sheria zinatungwa Dodoma, kana kwamba sisi hatumo. Mabua nilimpa jirani mwenye ng'ombe.

Mkutano uliofuata ulikuwa wa rasimu nyingine, ya ufugaji wa mbuzi mjini. Mbuzi sina. Nilifika wa kwanza, nikakaa mbele, na karatasi ya mahudhurio ilipoanza kuzunguka niliichukua, nikaikunja, nikaikalia.

"Mwalimu, watu wanataka kusaini," mtendaji akasema.

"Watasaini. Soma kwanza."

Watu walinung'unika. Mama mmoja alisema ameacha maharage jikoni. Nikamwambia yaungue. Mtendaji alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama viatu vyake. Basi akaanza kifungu cha kwanza, na hakuna aliyetoka. Kwenye kifungu cha nne mkono ulinyooka. Alikuwa yule mama wa maharage.

"Hapo," akasema, "hapo mimi sikubali."