Inua Mikono, Paskalia

Kila jioni nikitoka kazini nilimsuka binti yangu Paskalia pale kibarazani. Jioni ile nilichukua kitana, nikamwita.

Alikuja, akasimama mbele yangu, akainua mikono. Akafungua kinywa, akainua ulimi.

Kisha akageuka, akakung'uta pindo la gauni lake.

Alikuwa na miaka mitano.

Kitana kilinidondoka.

Mwaka ule, 1953, nilikuwa mpekuzi wa wanawake kwenye lango la mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Chuoni nilisomea uuguzi. Mgodini wakasema zahanati imejaa, lakini langoni anatakiwa mwanamke. Wafua nguo, wapishi, yaya: kila anayetoka, nywele, kinywa, mapindo.

Siku moja punje ya dhahabu, ndogo kama ulezi, ilimpita mwenzangu Ghati. Kesho yake hakuwa na kazi.

Tangu hapo vidole vyangu havikutulia.

"Ukikuta chawa, binti," alinitania Mwanaima, mfua nguo, "huyo naye ni mali ya mgodi?"

Foleni nzima ilicheka. Mimi nilitazama chini, nikaendelea kupapasa.

"Nani kakufundisha hivi?" nilimuuliza Paskalia jioni ile pale kibarazani.

"Bibi."

Bibi ni mama yangu mzazi. Alikuja kutoka Chato akae nasi mpaka nijifungue. Siku ya tisa akaaga ghafla. Eti pamba inamngoja. Nilijua pamba ilikwisha vunwa, ila nilikuwa nimechoka mno, sikuuliza.

"Bibi alisema tukiinua wenyewe utamaliza upesi," Paskalia akasema. "Halafu utapumzika."



Kumbe nilikuwa nampekua mama yangu. Nyumbani kwangu. Akitoka kwenda kisimani, mikono yangu ilipita kwenye mapindo yake huku mimi nawaza mboga.

Nikakumbuka fundo la khanga yake, lile analofungia ugoro. Siku za mwisho lilikuwa wazi kila asubuhi. Alilifungua mwenyewe, nisipate taabu.

Wewe unayesoma, jikague mikono kabla hujaingia kwako, uone kama kazi haijakufuata. Watu wa nyumbani hawakatai kupekuliwa. Wanainua mikono tu, ili upumzike.

Jumamosi mimi na Paskalia tulipanda basi la Mansukhlal kwenda Chato. Njia nzima nilipanga maneno, tumbo likirukaruka kwenye mashimo.

Mama alikuwa uani anaanika samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mayu." Ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, na binti pia. "Tumbo limeshuka hilo. Karibu."

Akanawa mikono, akanijia. Kabla hajanifikia, vidole vyake vilikwenda kwenye khanga, vikaanza kufungua fundo.

Nadhani hata yeye hakujua.

Nilimshika mikono. Nikalifunga lile fundo, nikalikaza. 

"Sema basi, mayu," akasema taratibu. "Umesafiri na tumbo hilo kuja kunifunga khanga?"

Sauti ilinitoka kubwa, hata Paskalia akageuka.

"Mama, sikukushuku hata siku moja. Niliogopa kufukuzwa, nikauleta woga wangu kwenye mwili wako. Nisamehe. Nataka urudi, uwepo nikijifungua."