Ngozi ya Kenge

Harufu ya utomvu unaoyeyuka juu ya makaa ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumapili nyumbani kwetu. Kwa majirani zetu wa mtaa wa mabanda wa Lindi Jumapili ilinukia chapati na mafuta ya nywele ya kwendea kanisani. Kwetu ilinukia utomvu. Baba alikichoma kipande kwa ncha ya kisu, akakisogeza karibu na jiko mpaka kikaanza kutoa machozi meusi, kisha akakibandika kwenye ubavu wa orutu ili uta upate pa kujipaka kila unapopita. Orutu ni zeze la uzi mmoja la kwetu upande wa ziwa: kipande cha mbao kilichochimbwa kama bakuli, mdomo wake umewambwa ngozi ya kenge, na fimbo nyembamba imelipenya bakuli hilo ili kuushika uzi. Hii yetu ilichongwa na babu. Moshi wa jikoni kwa nyanya uliifanya nyeusi yenye kung'aa, na pale kidole gumba cha babu kilipokaa miaka yote mbao ilikuwa imebonyea kidogo, kama shavu la mtoto aliyelalia mkono. Nilipenda kupitisha kidole juu ya ngozi ile, kwenye magamba madogo madogo mithili ya mbegu za ulezi, hadi Baba aniambie, "Atieno, acha, utaitia jasho."

Baba alikuwa kibarua wa mjengo. Wiki nzima alibeba mawe na saruji kwenye nyumba ambazo hangekuja kulala ndani yake, akarudi jioni akipitia nyuma ya maghorofa ya Nyayo Highrise, viatu vyeupe kwa vumbi. Lakini Jumapili mchana vidole vile vile vilivyokakamaa viligeuka kuwa vya mtu mwingine. Alikaa kizingitini, akaipakata orutu, na majirani wakatoa viti vyao nje bila kualikwa. Pembeni yake alisimama Baba mdogo Ouma, ndugu yake wa pekee, naye ndiye aliyeimba. Mama alizoea kusema kwamba babu aliwagawia wanawe urithi kwa haki: mmoja akapata chombo, mwingine akapata nyimbo. Mtu akifiwa pale mtaani, ndugu hao wawili waliitwa kwenye matanga kabla hata hema halijasimamishwa, na hata wasioelewa neno la Kijaluo walilia mahali panapostahili.

Nilipokuwa darasa la tano Baba mdogo alipata kazi Kanada, kwenye kiwanda cha kukata nyama. Tulimsindikiza kwa maombi na kuku wawili. Miezi ya kwanza alipiga simu kila Jumapili, akacheka, akatusimulia juu ya theluji. Kisha kicheko kikapungua. Jumapili moja alimwambia Baba kwamba kule kazini walishindwa hata kulitamka jina lake, walimwita Oma, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Baadaye akasema, "Omera, ndugu yangu, nitumie ile ya mzee. Hata kama sijui kucheza vizuri. Nikiishika tu nitajua mimi ni nani." Baba hakufikiri hata kidogo. "Nitaituma," akasema. Mama alingoja simu ikatike ndipo akauliza, "Na wewe utabaki na nini?" Baba akamjibu, "Mimi nitabaki nyumbani. Yeye ndiye hana kitu."

Basi tukaenda posta. Baba alikosa kibarua siku hiyo, akavaa shati lake la harusi za watu, nami, kwa kuwa zilikuwa siku za likizo, nikaibeba orutu ikiwa imeviringishwa kwenye leso ya Mama. Nakumbuka sakafu iliyokuwa ikinuka dawa ya kusafishia, foleni iliyopinda, na mama mmoja wa makamo nyuma ya dirisha, miwani yake ikining'inia kwa uzi. Hakuwa mkali. Alitueleza kwamba mzigo wa kwenda ng'ambo lazima uletwe ukiwa wazi, aone kilichomo kabla haujafungwa. Baba akaifunua leso. Yule mama akaigeuza orutu huku na huko kwa upole, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, kisha akagonga ngozi kwa ukucha.

"Hii ngozi ni ya mnyama gani, baba?"

"Ni ya kenge, madam."

Mwanamume aliyekuwa nyuma yetu akaguna. Yule mama akaishusha orutu juu ya kaunta. "Aki pole. Kenge ni mnyama wa pori. Hiyo haiwezi enda bila kibali cha watu wa wanyamapori, na hata ukikipata, huko inakoenda pia wanataka chao." Baba akauliza kama ngozi ya mbuzi ingefaa. Akaambiwa ya mbuzi inahitaji cheti cha daktari wa mifugo, na bado wenzao wa kule wanaweza kuitupa. Tena utomvu usiwepo. Tena mbao iwe safi, isiwe na masizi wala vitundu vya wadudu. Na kwa kweli ubavuni vilikuwapo vitundu vitatu au vinne, vidogo kama vya sindano, ambavyo babu mwenyewe alivijua. Uzi wa katani nao afadhali ubadilishwe. "Si mimi, baba," yule mama alisema. "Ni sheria. Wakiipata na hivi vitu wataichoma, na hutarudishiwa hata majivu. Afadhali nikwambie mapema."

Tulipotoka, yule mwanamume wa foleni akatufuata hadi mlangoni. "Mzee, si ungesema tu ni plastiki? Nani angejua?" Baba akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ameniuliza," akasema. "Sasa ningemwambia nini?" Wahenga walisema msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Mimi siku hiyo nilijivunia Baba, nikatembea karibu naye njia nzima. Sikujua kwamba msemo huo ulikuwa umeanza kutimia.

Wiki iliyofuata tulikwenda Kawangware kwa fundi Shikuku, Mluhya aliyetengeneza ngoma za isukuti nyuma ya ploti moja ya nyumba za mawe za kupangisha. Baba alimweleza sheria moja baada ya nyingine, kama alivyozishika kichwani. Fundi akakuna kidevu. "Nikifanya haya yote, Odhiambo, itabaki nini?" Baba akasema itabaki mbao ya babu, na mbao ndiyo orutu, ngozi ni nguo tu. Nadhani alijisemea hivyo ili aweze kuikabidhi. Fundi akailowesha ngozi ya kenge kwa maji ili ibanduke, lakini ilikuwa kuukuu, ikachanika katikati kwa mlio mkavu. Aliiweka pembeni juu ya jiwe, na kabla hatujageuka mbwa wa mwenye ploti alikuwa ameshaichukua na kukimbia nayo nyuma ya choo. Nilimfukuza. Nilirudi mikono mitupu, nikamkuta Baba ameinama anaokota magamba machache yaliyopukutika sakafuni. Aliyatazama, kisha akayapuliza.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Fundi alipiga msasa mpaka weusi wa moshi wa nyanya ukageuka unga kwenye viatu vyetu. Aliziba vitundu. Kule kubonyea kwa kidole cha babu kulipotea pia, kwa sababu msasa haujui kidole ni cha nani. Akapaka vanishi mara mbili, akawamba plastiki ngumu aliyoikata kwenye ngoma mbovu ya bendi ya shule, akafunga uzi wa nailoni. Ilipokauka iling'aa kama kitu cha kuuziwa watalii. Baba aliijaribu kwa uta mara moja tu, akaacha. Njiani kurudi Lindi alisema, "Ouma ataizoea." Posta walipoiona safari hii hawakuwa na neno. Yule mama wa miwani hata alitabasamu, akaifunga kwa karatasi za magazeti, akasema, "Umefanya vizuri sana, baba. Wengi huwa hawarudi."

Mzigo ulikawia. Mvua za vuli zilianza, zikaisha, na Baba alianza kuamini kwamba umezama baharini. Kisha Jumapili moja simu ikalia. Baba akaweka sauti ya nje ili sote tusikie, na majirani kadhaa wakasogea mlangoni. Baba mdogo hakutusalimu. Alianza kucheza. Kwenye ile laini mbovu iliyokatikakatika, ilisikika kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kijiko. Akaacha.

"Hii ni gani umenitumia?"

"Ni ile ya mzee," Baba akasema.

"Ya mzee naijua. Hata usingizini naijua. Hii ni mpya. Iko na vanishi."

Baba akaanza kueleza: posta, kenge, kibali, msasa. Alieleza vibaya. Alikuwa akipandisha sauti ili asikike, na mtu mwema akipandisha sauti huonekana mwongo. Baba mdogo akamkatiza. "Kama hukutaka kunipa ungesema. Mimi ningekuelewa, wewe ndiye mkubwa. Lakini kuninunulia ya sokoni uniambie ni ya baba yetu?" Mama aliinyakua simu, akapaza sauti, "Ouma, nakuapia, ni ile ile, mimi niliiona ikitoka na kurudi!" Lakini laini ilikuwa imekwisha kukatika, ama imekatwa. Majirani wakaondoka mlangoni mmoja mmoja, kwa adabu, wakijifanya wana jambo la kufanya.

Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Kwetu mtu angelima misimu mingi. Baba mdogo alipiga simu kwa Mama wakati nyanya alipofariki, akatuma pesa za mazishi kupitia kwake, wala hakuomba kusema na Baba. Pale Lindi palipotokea matanga watu walikuja kumwita Baba kwa mazoea, naye akawaambia orutu imesafiri. Baada ya muda waliacha kuja. Jumapili mchana alilala, au alikwenda mtaa wa Ayany kutafuta kibarua cha siku ambayo wengine walipumzika. Nilikuwa mtoto, na sikuwa na jina la kile kilichoondoka nyumbani. Nilijua tu kwamba jiko letu sasa lilinukia makaa matupu.

Leo ninaishi Kawangware, na riziki yangu inatokana na mizigo hiyo hiyo ya kwenda ng'ambo. Ninafanya kazi na kina mama wanaofuma vikapu na kutengeneza herini, na mimi ndiye ninayefunga na kutuma ng'ambo. Sheria ninazisoma kwenye simu kabla mtu hajashika hata mkasi: nchi gani haitaki manyoya, nchi gani inakataa mbegu, pembe ipi inahitaji kibali. Kabla sijafunga boksi napiga picha ya kila kitu, ndani na nje, nikamtumia mteja nikiwa nimesimama hapo hapo. Mara nyingi hufikiri juu ya simu ya Baba ya wakati ule, yenye tochi na isiyo na kamera. Picha moja tu ya orutu magotini pa fundi Shikuku, nusu nyeusi na nusu imepigwa msasa, ingetosha. Siku hizi ndugu wawili wanatazamana usoni wakiwa mabara mawili tofauti, na mtu huweza kuona mdomo wa mwenzake ukitetemeka kabla hajamwita mwongo. Sisi tulikuwa na sauti tu, tena iliyokatika.

Mwaka jana Baba mdogo alikuja, kwa mara ya kwanza tangu aende Kanada. Alikuwa akielekea nyumbani upande wa ziwa kwa mambo ya shamba, akalala kwangu, nami nikawaita Baba na Mama kutoka Lindi. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Wote wawili walikuwa na mvi, na wakicheka walifanana hata nikaogopa. Nilipakua samaki na ugali. Katikati ya chakula Baba mdogo akanawa mkono wake, akauweka juu ya bega la Baba.

"Kaka, ile mambo ya orutu, mimi nilishasamehe. Nilikuwa kijana, nilikuwa na upweke. Ile uliyonitumia niliipeana kanisani, kulikuwa na mnada wa vitu kuukuu. Ya mzee ilikuwa haki yako kubaki nayo. Wewe ndiye mkubwa."

Mama akafungua mdomo. Baba akamtazama, mara moja tu, naye akaufunga.

"Asante, Ouma," Baba akasema.

"Nayo iko wapi? Niletee niishike kidogo kabla sijaenda nyumbani."

"Haipo tena," Baba akasema. "Kula, samaki anapoa."

Baba mdogo akatikisa kichwa polepole. Niliona usoni mwake kwamba alidhani imeuzwa, na kwamba hilo pia alilisamehe.

Asubuhi, gari lilipokwisha kumchukua, Baba alibaki kwenye lango la ploti yetu, akitazama barabara. Nilimletea chai. Aliishika bila kunywa, kisha akaniuliza kama nafikiri mtu aliyeinunua kule kanisani huwa anaicheza. Nikamwambia huenda.

"Basi atakuwa anasema ni mbaya," Baba akasema. "Atadhani babu yako hakujua kutengeneza."