Sponji Kwenye Matundu ya Stoo

Mimi na vumbi la Dodoma hatuivi chungu kimoja. Nina karakana ya samani huku mtaa wa Kikuyu, na kabati likipakwa vanishi upepo ukiwa umeshaanza, hadi likauke linakwaruza kama ulimi wa paka. Ndiyo maana vanishi tunaipaka asubuhi na mapema, hewa ikiwa bado imetulia.

Mpakaji ni mzee wa Kirangi kutoka Kondoa, fundi anayenizidi umri, ujuzi na ubishi. Yeye ndiye aliyejenga stoo yetu ya vanishi na tina ya kuizimulia, akaacha matundu juu ya ukuta na mengine chini kabisa, usawa wa sakafu. Ya juu niliyaelewa. Ya chini niliyaona ni uvivu wa kumalizia ukuta, na nilimwambia hivyo zaidi ya mara moja. Jibu lake lilikuwa, "Yaache hivyo hivyo, mama," basi.

Mwezi Juni tulikuwa tunaomba cheti cha zimamoto, na mkaguzi akasema angekuja Jumatatu asubuhi. Fundi alikuwa kwao kwenye harusi ya mpwa wake. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Ijumaa, ili vumbi lisiingie na mkaguzi akute pasafi, nikaziba matundu yote, ya juu na ya chini, kwa sponji za makochi na gundi. Nikadeki, nikapanga madumu. Dumu moja la tina mfuniko wake ulikuwa umepasuka, nikalifunika kwa sahani. Nikafunga mlango, najisifu peke yangu.

Jumatatu mkaguzi alifika, binti mpole mwenye buti nzito. Nilipofungua stoo alirudi nyuma, akanidaka mkono nisiwashe taa. Akauliza nani kaziba matundu. Nikasema mimi, tena kwa majivuno.

"Mama, mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa. Haupandi, unalala chini. Matundu ya chini ndiyo mlango wake wa kutokea. Umeuziba, sasa unapita chini ya mlango huu, na ukikutana na moto huku nje, moto unaufuata mpaka ndani."

Nilikuwa nafungua mdomo kumbishia nilipomwona fundi anatokea nyuma ya karakana. Asubuhi za Juni hapa ni za baridi, vanishi inakuwa nzito, na kila siku huwasha jiko la mkaa kule nyuma akalileta karibu na stoo apashe kopo la vanishi na vidole vyake. Alikuwa na koti lake, jiko mkononi, anapuliza makaa, anakuja moja kwa moja mlangoni. Hakujua lolote. Alikuwa amerudi jana yake usiku.

"Mzee, simama hapo hapo!"

Sikujua nina sauti kubwa namna ile. Alisimama.

"Leo hata shikamoo hakuna?" akauliza.

Mkaguzi alimfuata, akalipokea jiko, akalipeleka hadi upande wa pili wa ua na kulifukia kwenye lundo la mchanga. Nikakaa chini kwenye vumbi. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Zilikuwa zimebaki hatua chache tu, na ni mimi niliyemtegea.

Cheti hatukupata. Mkaguzi aliandika: matundu yazibuliwe, dumu lile libadilishwe, na jiko lisisogee karibu na stoo hata matundu yakiwa wazi. Fundi naye akanuna kwa hilo la jiko. Sponji nilizing'oa mwenyewe, kwa kucha.

Saa sita upepo ulivuma kama kawaida, ukalijaza vumbi kabati alilokuwa amelipaka fundi. Akakaa kulipiga msasa upya, analalamika: vumbi, baridi, sponji zangu, jiko lake, wanawake wasiosikia. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye. Mtaa mzima unanijua kwa mdomo, lakini siku ile sikumjibu hata neno moja. Nilitaka aendelee tu.