Kazija na Kamba ya Dungu

Mpaka alipofika miaka arobaini na mbili, Bi Kazija alijua ndege wa aina mbili tu: kuku, na wengineo.

Tusimlaumu. Alikuwa mfuaji nguo za watu mjini, mtaa wa Ng'ambo, miaka ishirini na tano macho yamo kwenye karai. Ndege angewaona wapi? Baada ya Mapinduzi akapata eka tatu za mpunga bonde la Cheju, akafunga virago huku majirani wanamcheka. Kule bondeni wakampa kazi tamu kuliko zote: kukaa juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha kuamia ndege, na kushika kamba iliyofungwa makopo bonde zima. Ukiivuta, kila chenye mbawa kinaruka.

Basi akavuta! Msimu mzima hakutua ndege, mrefu wala mfupi, na Kazija huko juu anacheka peke yake. Viwavi wakapata raha, wakaumaliza mpunga mchanga. Bi Mwanakheir, msimamizi wa bonde, akamshusha.

"Umewafukuza vitwitwi, bibi wee! Wale hawali mpunga, wanakula hao wanaoula mpunga. Mpaka uwajue ndege, hupandi tena dunguni."

Kazija aliumia sana. Kule juu ndiko alikoinua macho kwa mara ya kwanza maishani mwake, na sasa ameinamishwa tena, anang'oa magugu.

Akaazimia kuwajua. Alilala kifudifudi juu ya tuta, matope hadi kidevuni, kanga chapachapa. Akamjua kitwitwi, mdogo, hatulii, anatikisatikisa mkia kama mtu aliyebanwa na haja. Akamjua sululu, mla viwavi naye, mdomo mrefu umepinda kama mundu. Mwizi wa mbegu akamjua pia: bata mwitu. Majina yao yakawa ndio wimbo wake, njiani na jikoni. Ukimwambia shikamoo, anakujibu, "Marahaba, sululu yule!" Jirani yake Pandu akaapa kwamba huyu kapagawa.

Masika yalipolijaza bonde maji, mbegu zikiwa zimeshamwagwa, Bi Mwanakheir akamwita juu ya dungu.

"Haya, leo ntakuona."

Hawajakaa sawasawa, kundi kubwa likatokea upande wa pwani, linakuja chinichini.

"Bata hao!" Pandu akapiga kelele toka chini. "Vuteni!" Bonde zima likaitikia: vuteni, vuteni! Bi Mwanakheir mwenyewe akanyoosha mkono kwenye kamba. Kazija akamkamata kifundo cha mkono.

"Usivute, Bi Mwanakheir. Nnauona mdomo, umepinda. Sululu hao."

Wakatua. Walikuwa sululu, wote, na papo hapo wakaanza kudonoa viwavi. Bi Mwanakheir akautazama mkono wake, kisha akampa Kazija kamba.

Lo! Kazija akacheza. Akazunguka, dungu likayumba, mguu ukanasa kwenye kamba, makopo yakalia bonde zima na sululu wote wakaruka! Pandu akaanguka majini kwa kicheko. Bi Mwanakheir akashika mbavu.

"Ushawafukuza tena!"

"Watarudi. Nshawajua," akasema Kazija, machozi yanamtiririka, shingo inamuuma kwa kutazama juu.

Kundi likazunguka mara mbili, likashuka.

"Sululu yule. Na yule sululu. Na yule... kitwitwi, kajipenyeza!"

Siku ile hakuna aliyemwambia ainame.