Ng'ombe wa Mahari Nyuma ya Gari la Enoki

Enzi zetu ng'ombe wa mahari alikuwa na miguu minne, na aliitumia yote. Wenzangu mliokulia kule juu, kwenye milima ya Kivu ya Kusini, mnanielewa. Hakuna aliyesema ng'ombe apakiwe. Alitoka uani asubuhi umande ukiwa bado haujakauka, akatembea, akanywa maji mtoni, akalala kwa watu wema njiani, na kesho yake akaingia kwa wakwe anacheua. Siku hizi mtoto uliyemzaa mwenyewe anakuambia, "Mama, ngombe itembee na miguu mupaka kwa bakwe, Bwizibwera? Tuko mwaka gani?" Na wewe unanyamaza, maana meno yaliyobaki ni machache na hutaki kuyasaga.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, wavulana walipelekwa mbali na ng'ombe wakubwa, sisi wasichana tukabaki na ndama karibu na nyumba. Mikono ilinuka maziwa na moshi wa samadi tuliyoichoma jioni kufukuza nzi. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo, tukawajengea zizi la vijiti, tukaozana. Mwenye ng'ombe wa pembe ndefu ndiye aliyeoa vizuri, basi mimi nilikuwa navuta pembe za udongo mpaka zinakatika. Shuleni tulikwenda na kiazi cha moto mfukoni: asubuhi kinapasha mkono, wakati wa mapumziko kinaliwa. Mwalimu alitufukuza kwenye madawati ya mbele eti tunanuka maziwa yaliyochacha, na jioni alikuja kwetu kuyanywa hayohayo.

Kaka yangu mkubwa alipooa, ng'ombe wa mahari walitoka kwetu tukiwaangalia. Watoto tuliruhusiwa kuwasindikiza mpaka kijito cha kwanza, basi. Baba alitangulia bila kuinua fimbo. Mama alisimama langoni akamwambia kila aliyepita, "Pole pole, ule wa mbele ana mutoto ndani." Maana kwetu ng'ombe mwenye mimba ndiye anayetangulia na ndiye wa kwanza kuingia uani kwa wakwe. Wakwe wakimwona huyo, wanajua wamepewa wawili kwa mmoja, na wengine wakifuata hakuna anayewakagua sana. Mpaka leo nikisikia kwato kwenye mawe, nageuka kutazama.

Mwanangu Enoki hakuyaona hayo. Alifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, mgongoni kwangu, na hatua zake za kwanza alizipiga Kabazana, kituo cha kupokelea wageni, kati ya mikeka ya watu waliokuwa wanangoja kiwanja kama sisi. Utoto wake ulikuwa foleni ya maji na magari ya waya. Alikata magurudumu kwenye ndala zilizokwisha, tena makubwa kuliko gari lenyewe, gari likawa linapinduka kila kona. Watoto wenzake walimcheka, yeye akaongeza mengine makubwa zaidi. Baba yake alikuwa hai wakati huo, akasema mtoto ana akili. Angekuwepo leo ningemuuliza ni akili gani ile.

Sasa Enoki ni mtu mzima, na ana gari la kweli. Ni yale marefu yanayofanana na jeep ya jeshi, mtu akiliona anadhani linapanda ukuta. Kumbe ni magurudumu mawili ya nyuma tu yanayosukuma, ya mbele yanafuata kama abiria. Nyuma yake anafunga trela ya bidoni, yale madumu ya maziwa, anakusanya kwa wafugaji wa hapa kambini na kupeleka mjini Mbarara. Ni kazi nzuri, sikatai. Tatizo lilikuwa kwamba trela ikijaa, mkia wa gari ulikaa chini na taa zikamulika majani ya miti badala ya barabara. Hilo lilihitaji dawa, na dawa yake ilikuwa springi ngumu za nyuma na matairi yanayobeba mzigo. Fundi wa Mbarara alimwambia hivyo nikiwa nimekaa palepale, nasikia kwa masikio yangu.

Lakini harusi ilikuwa inakaribia, na kijana anayekaribia kuoa hana masikio. Enoki akamwambia fundi anyanyue gari lote, mbele na nyuma, aweke shokapu ndefu na matairi mapana yenye meno. Likarudi nyumbani limesimama juu hivi kwamba kuku walipita chini bila kuinama. Majirani wa Base Camp, mtaa wetu wa kambini, wakatoka kulitazama. Mimi nilipotaka kupanda ilibidi nishike mlango, nishike kiti, halafu mtu anisukume kwa nyuma, mjane wa umri wangu.

"Mama, iko fort sasa," akaniambia. "Itakokota hata nyumba."

Nikamwuliza kwa nini trela imeinua mdomo. Gari lilipokwenda juu, ndoano ya kukokotea ilikwenda juu nayo, na sakafu ya trela ikalala kwa nyuma. Akasema ni kitu kidogo. Siku ya pili bidoni zote ziliteleza zikajazana kwenye mlango wa nyuma wa trela, na gari likawa linatikisa mkia barabarani mpaka pikipiki zikakimbilia kando. Nikamwambia, Enoki, lishushe. Na injini inalia, haina nguvu tena ya kuanza mwendo na matairi makubwa namna hiyo. Lishushe. Nikamwambia akila, nikamwambia akioga, mimi nimesimama nje ya mlango wa bafu. Mwezi mzima. Yeye anajibu, "Ndiyo, Mama," kwa sauti ile ya mtu anayefunga dirisha taratibu.

Basi ikafika siku ya mahari. Binti alikuwa wa Bwizibwera, Mnyankole, mwenyeji wa huku, na baba yake ni mtu wa ng'ombe tangu kuzaliwa. Hakutaka mambo mengi. Alisema mengine tutayamaliza polepole, lakini Alhamisi hiyo aone ng'ombe mwenye mimba anaingia kwake kwa miguu yake, mzima, ndipo Jumamosi kuwe na harusi. Akianguka njiani, akiharibu mimba, hakuna harusi. Tulikuwa tumeshasikia kwamba shangazi zake binti wanaulizana wakimbizi wataleta nini. Nikamtoa Bihogo, ng'ombe wangu mwekundu, ambaye ndiye aliyeninywesha maziwa tangu nifiwe. Nilimtoa bila kuombwa mara mbili, ila nililia nikimkamua mara ya mwisho kabla hajakaushwa maziwa.

Kupakia alisimamia shemeji yangu Rubeni, baba mdogo wa Enoki, aliyekuwa anasimama mahali pa marehemu. Ng'ombe walikuwa wawili, Bihogo na mtamba mdogo. Trela ina mlango mmoja, nyuma. Rubeni akasema kwa sauti ya mkutano, "Bihogo aingie wa mwisho, ili ashuke wa kwanza. Bakwe baone yeye mbele, sawa na kwetu." Watu wote wakaitikia. Ndivyo mila ilivyo, nani abishe? Kwa hiyo mtamba, mwepesi, akawekwa mbele, na Bihogo na tumbo lake lote akawekwa mwishoni kabisa mwa sakafu iliyokuwa imeshalala kwa nyuma. Nilitazama ile trela ilivyolala. Nikasema mzito asikae nyuma. Rubeni akanijibu, "Mama Enoki, mambo ya mahari acha banaume," nami nikapanda gari, nikasukumwa kwa nyuma kama kawaida.

Usiku wa kuamkia Alhamisi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kilima cha kwanza tu baada ya kutoka kambini, gari likaanza kupiga kelele bila kwenda. Uzito wa Bihogo ulikuwa unavuta trela chini kwa nyuma, trela inanyanyua mkia wa gari, na mkia huo ndio wenye magurudumu pekee yanayosukuma. Yalizunguka kama feni, yakiturushia matope, na trela ikaanza kurudi taratibu upande wa mtaro. Bihogo akapiga magoti. Nilisikia magoti yake kwenye mbao. Sijui nilishukaje kutoka kule juu, najua tu kwamba nilikuwa chini kabla ya wanaume, nimeweka jiwe nyuma ya gurudumu la trela, na namtukana mwanangu kwa Kiswahili, kwa Kinyamulenge chetu na kwa Kifaransa kidogo nilichopata shuleni.

Tukawashusha. Bihogo alikuwa anatetemeka, lakini alisimama. Nikapitisha mkono tumboni, nikangoja mpaka ndama akanipiga teke, ndipo nikapumua. Enoki alikuwa ameshika kichwa, suti imejaa matope.

"Mama, nisamehe. Heri ningekusikia."

"Usiniombe musamaha mimi. Omba ngombe."

Nikasema sasa tutapanda kilima kwa miguu, kama watu. Nilikuwa na hamu nayo, nisiwadanganye. Nikasimama mbele ya Bihogo nikamwita kwa mwito wa mama yangu, ule mrefu unaotoka kifuani, ambao kule kwetu ng'ombe akiusikia ng'ambo ya bonde anainua kichwa. Bihogo akanitazama. Nikaita tena. Akala jani. Rubeni naye akajaribu kusifu pembe zake kama wazee walivyosifu, mtamba akamkojolea karibu na viatu.

Enoki akasema, "Mama, ngoja." Akafungua trela tupu ikabaki kando, akaingia garini, akaliwasha, akaanza kwenda polepole. Gari bila trela lilipanda kilima kwa shida lakini lilipanda. Na Bihogo, jamani, akaacha majani akaanza kulifuata, bila kamba, bila fimbo, mtamba nyuma yake. Kila jioni gari hilo ndilo lililomletea maganda ya matoke kutoka soko la Mbarara. Sauti aliyoizoea si yangu, ni ya injini. Nilitembea nyuma yao na mwito wangu wa mababu, hasira zimenijaa, na machozi pia, kwa sababu alikuwa anatembea vizuri mno.

Kule juu vijana wa njiani walitusaidia kuipandisha trela kwa mikono. Nikasimama mlangoni pake nikasema Bihogo anaingia mbele, karibu na gari, mtamba nyuma, na atakayetaja mila nitamwacha hapo. Rubeni akamvuta mtamba kando kumpisha. Gari likatulia, magurudumu yakashika, tukafika Mbarara, tukaingia barabara ya Bwizibwera. Hatukufungua trela uani kwa wakwe. Tuliifungua nje ya lango, tukatoa mtamba, tukamtoa Bihogo, tukampanga mbele, na akaingia kwa wakwe anatangulia, anacheua, tope mpaka magotini. Shangazi wa binti wakasogea kumpisha. Mzee akamzunguka mara moja, akaweka kiganja tumboni, akafunga macho kidogo.

"Mama, ngombe nimeona," akasema. "Iko muzuri. Jumamosi tunakula harusi."

Nilikaa chini palepale kwenye nyasi. Mzee akatoka kulitazama gari, akalizunguka nalo kama alivyomzunguka ng'ombe, akamgeukia Enoki.

"Kijana, hii gari yako iko juu sana. Mutoto yangu atapanda aje na nguo ndefu ya mushanana? Na siku ingine akiwa na tumbo, atapanda aje?"

"Nitashusha, Mzee," Enoki akasema, bila hata kufikiri.

Na alishusha. Jumatatu baada ya harusi alikuwa kwa fundi asubuhi. Zikawekwa springi ngumu za nyuma, yale matairi ya meno yakatolewa, yakaja ya kiasi, mazito, ya mzigo. Sasa trela inakaa sawasawa kama meza, bidoni zimetulia, na taa zinamulika barabara. Ni neno lilelile nililolisema mwezi mzima. Likitoka kwangu lilikuwa kelele, likitoka kwa mkwe limekuwa akili.

Enzi zetu kijana alioa akajenga nyuma ya nyumba ya mama yake, na mama aliendelea kumgombeza kupitia ukutani mpaka akaota mvi. Siku hizi anaoa, anapanga nyumba Mbarara, na anakuja kukusalimia Jumapili. Jumapili iliyopita walikuja. Binti alipanda na kushuka garini mwenyewe, bila kushikwa. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwambia Enoki, yote, kwa mpangilio. Wakati wa kuondoka nikawasindikiza, nikamsikia mkewe akimwambia, "Enoki, polepole hapo kwenye shimo," na nikaona gari limepunguza mwendo hapohapo. Likapita shimo, likakata kona. Mimi nimebaki uani na maneno yangu yote, sina wa kumpa.