Anayerudia Mtihani Si Simu

Kosa langu la mwaka wa kwanza chuoni lilikuwa kupiga picha ubao na kudhani nimesoma. Nisamehe nikikuita mwanangu. Umri wangu haujafika huko, ila ninyi wa mwaka wa kwanza mnanizeesha. Jana nimewaona tena: mhadhiri anafundisha, simu zote ziko hewani, hakuna anayemsikiliza.

Mimi nilikuwa mbaya kuliko ninyi. Kona ya ubao ikikatika, nilirudia picha. Nilizipanga kwa somo na kwa wiki, nikapakua na video, nikalala kwa amani. Kisha nikafeli jiolojia. Nikapewa supu, mtihani wa marudio. Nikifeli na huo, nimedisko, narudi nyumbani moja kwa moja.

Nakumbuka jioni moja ya likizo kabla ya supu hiyo, kwa babu, Kagongwa. Kwake wanaume bado tunakula shikome, penye moto wa uani, na kijana aliyetoka mbali hanawi mikono kabla hajasimulia alichojifunza huko.

"Haya, mjukuu wangu," babu akasema. "Binamu zako wako Geita wanachimba. Hiyo dhahabu iliingiaje ndani ya jiwe?"

"Subiri babu, ninayo hapa." Nikaanza kupekua picha. Ugali unapoa.

Baba mdogo akaguna, "Kumbe aliyekuwa anasoma ni huyo wa mfukoni!" Wakacheka. Babu hakucheka.

"Anayerudia mtihani ni nani, wewe au hiyo simu?"

"Mimi, babu."

"Basi iweke chini. Niambie."

Nikaiweka chini, nikaanza, nikakwama kwenye sentensi ya kwanza. Nilinawa wa mwisho.

Kesho yake nikasoma picha moja tu, nikazima simu, nikaenda kumsimulia. Nilipokwama akasema, "Rudi ukasome." Niliudhika sana, lakini nilirudi. Ikawa hivyo kila jioni hadi likizo ikaisha.

Mwanangu, piga picha, sikukatazi. Ila siku hiyohiyo ifungue, isome, izime simu, kisha umweleze mtu kwa mdomo wako: mwenzako wa chumbani, mama ntilie, yeyote mwenye subira. Utakapokwama ndipo usipopajua. Na jamani, acheni kuniomba picha zangu kwenye grupu! Mungu akupe kichwa kinachoshika, na bando lisikuishie katikati ya somo.

Supu niliivuka. Picha nimezifuta. Siku hizi babu ndiye anayewaeleza wageni jinsi maji ya moto yalivyoibeba dhahabu hadi kwenye nyufa za mwamba, na nikikosea ananisahihisha.