Namba ya Kitinda

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile, kila mtu alimwita Mama Pasi, hata daktari aliyeshuka siku moja kutafuta koti lake lililopotea. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kunyoosha shuka, mguu mmoja kwenye kanyagio, mikono ikivuta pindo, mvuke ukimpanda usoni. Mikono ile ilikwisha kupoteza vinyweleo vyote. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili: binti, mwalimu wa shule ya msingi, na kijana waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga kizazi.

Kitinda alikwenda ng'ambo miaka minne nyuma kutafuta maisha. Siku ya kuondoka alimwachia mama yake simu yake ya kisasa, iliyopasuka kioo kwenye kona, akamwambia, "Mama, namba hii iko kichwani. Hata wakiniibia kila kitu, hii haiibiki. Usije ukaibadilisha."

Mama Pasi akaahidi. Kwa watu wengine wote alitumia simu yake ndogo ya vitufe. Ile kubwa hakupiga nayo hata siku moja, wala hakumpa mtu namba yake, asije mwanawe akapiga akakuta inatumika. Ilikaa mfukoni mwa aproni, imechajiwa, imepanguswa, inasubiri. Mwanzoni Kitinda alipiga kila wiki, baadaye kila mwezi, na kila mara kwa simu ya kuazima. Ukiirudia ile namba anapokea mtu wa lugha nyingine, mnabaki kuhemeana tu. Kisha akanyamaza.

Jumatatu moja, mkunjaji wa shuka waliyemwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliishiwa salio.

"Dada, nipe hiyo kubwa nimbipu mume wangu."

"Hiyo haipigi."

"Basi nione saa tu." Redio akaichukua, akaitazama, akaitazama tena. "Dada, hii haina mtandao. Ona hapa juu. Vile vijiti havipo."

"Vijiti gani?"

"Vya mtandao. Vimeondoka tangu lini?"

Kila asubuhi Mama Pasi aliangalia betri, na betri ilikuwa imejaa. Ile alama ya msalaba pembeni, na maneno madogo ya kigeni chini yake, alidhani ni mambo ya simu yenyewe. Na kwa vile hakuna mtu mwingine aliyeijua namba ile, hakuna aliyempigia akamkosa akaja kumwambia.

Redio akaiweka kwenye hali ya ndegeni, akaitoa. Akaizima, akahesabu hadi ishirini, akaiwasha. "Labda ni kuta hizi. Huku chini tunaishi kama fuko." Wakapanda uani kwenye kamba za kuanikia, Mama Pasi akaiinua juu ya kichwa kama mtu anayemwonyesha mtoto gwaride. Simu ya Redio ilikuwa na vijiti vyote. Ile haikuwa na hata kimoja.

Saa ya mapumziko akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha fundi simu. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Alichomoa laini kwa sindano, akaisugua kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Akaingia kwenye mipangilio, akautafuta mtandao kwa mkono. Ikazunguka, ikazunguka, ikakata tamaa. Mwishowe akaichomeka laini ile kwenye simu yake mwenyewe, nayo ikafa vilevile. Akaweka laini yake kwenye simu ya Mama Pasi, na vijiti vinne vikasimama.

"Simu yako nzima, mama. Laini ndiyo mgonjwa."

"Sasa namba yangu?"

"Wanakubadilishia kadi tu, namba inabaki. Nenda ofisi ya kampuni ya simu na kitambulisho."

Mama Pasi akashusha pumzi.

Alhamisi binti yake aliomba ruhusa shuleni, akamsindikiza kwa ajili ya fomu. Njiani akasema, "Afadhali tumewahi. Kitinda angeshtuka. Si alikupigia mwezi uliopita tu."

"Ndiyo," mama akajibu, akajifanya anatafuta kitambulisho kwenye mkoba.

Ukweli ni kwamba Kitinda alikuwa hajapiga kwa karibu mwaka mzima. Uongo ulianza binti alipokuwa amelazwa kwa mimba iliyosumbua, presha iko juu, naye kila akifumbua macho anamuulizia mdogo wake. Mama akasema, amepiga, anakusalimia. Ilikuwa dawa ya siku moja. Lakini uongo ukishaonja chakula hurudi mezani: akaongeza kazi ya ghalani, akaongeza kikohozi kilichopona, akaongeza kwamba kijana amefurahi kuitwa mjomba. Baada ya muda na yeye mwenyewe alikuwa akilala vizuri siku alizozitunga salamu hizo.

Mhudumu wa ofisi, msichana mwenye skafu ya kampuni shingoni, aliandika namba kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Mama, laini hii ilifungwa. Miezi minne sasa."

"Nani kaifunga?"

"Mfumo. Laini isipopiga, isipopokea simu na isipoongezwa salio kwa miezi sita, inafungwa yenyewe. Hii haikupokea simu hata moja."

Binti akacheka kidogo. "Angalia tena, dada. Mdogo wangu anapiga kila mwezi."

Mhudumu akaangalia tena, kwa adabu tu. "Hakuna, dada. Na namba yenyewe imeshapewa mteja mwingine. Hatuwezi kumnyang'anya."

Njia ya mwongo fupi, na ya Mama Pasi iliishia pale, mbele ya kioo cha dirisha la huduma, huku watu wa nyuma yao wakinung'unika foleni isogee. Binti alimgeukia.

"Kile kikohozi, mama?"

Mama Pasi akatazama mikono yake.

"Na jina la mwanangu, ulilosema amelichagua yeye?"

"Nililichagua mimi," mama akasema. "Nilijua angelipenda."

Binti hakumgombeza, na pengine angemgombeza ingekuwa nafuu. Walitoka, wakakaa kwenye ngazi za nje. Binti akatoa simu yake, akaipiga ile namba aliyoiandika kwenye fomu, akafungua spika ili mama asikie.

"Mbao hapa," mwanamume akapokea, na nyuma yake msumeno ukilia.

Binti akajieleza. Yule muuza mbao akatoka kelelani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Kuna mmoja alipiga," akasema. "Nilipoanza tu kuitumia. Akasema, 'Mama?' Nikamwambia amekosea namba."

Mama Pasi akaishika simu kwa mikono miwili. "Akasemaje, baba?"

"Akasema samahani. Akakata."

"Sauti yake ilikuwaje? Alikuwa anakohoa?"

"Sikumbuki, mama. Nisiseme uongo. Huenda hata hakuwa yeye, watu wanakosea namba kila siku."

"Namba aliyopigia?"

"Ilishafutika. Napokea wateja wengi."

Akaahidi kwamba kijana yule akipiga tena atampa namba ya simu ndogo ya mama. Aliiandika, akaisoma kwa sauti, na alikuwa ameipatia.

Tangu siku hiyo kila mwisho wa mwezi Mama Pasi alimpigia muuza mbao. Alimjulia hali, akauliza, akajibiwa bado, akashukuru. Binti alijua. Alipokuja na mtoto hawakumtaja Kitinda tena, na mtoto aliendelea kuitwa jina lile.

Katika mwezi wa nane muuza mbao alipiga mwenyewe. Mama Pasi alikuwa kwenye mashine. Aliiacha shuka nusu ndani, nusu nje, akaipokea kwa mkono uliolowa.

"Nimehamia kampuni nyingine ya simu, mama. Hii laini nitaiacha mwisho wa wiki. Nimeona si vizuri nisikwambie."

"Umefanya vizuri, baba."

"Pole sana."

"Nimeshapoa. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Akamtakia biashara njema. Redio alikuwa tayari ameushika upande wa pili wa shuka. Mama Pasi akakanyaga kanyagio. Palipokuwa pamekaa kwenye moto muda mrefu pakatoka alama ya manjano, na shuka ile ikawekwa kando pamoja na za kukatwa matambara.